Aliyebaki Baada ya Kuchemsha

Chukua maziwa ya asubuhi uyagawe kwenye sufuria mbili. Ya kwanza yaache mabichi, yafunike, yaweke pembeni. Ya pili yachemshe mpaka yaumuke, yaache yapoe, kisha yafunike vilevile. Huku Mhezi, kwenye milima ya Upare wilayani Same, baridi inaweza kuchelewesha mambo kidogo, lakini haupiti muda mrefu sufuria ya kwanza huganda: mgando mzito, mchachu, wa kunywa. Ya pili huleta tabu. Hukaa kimya, haichachi, halafu inaanza kuwa chungu na kukatika bila uchachu wowote, na harufu yake haimvutii hata paka. Kwa hiyo anayegandisha maziwa yaliyochemshwa hutia kwanza kijiko cha mtindi wa jana, na akisahau kijiko hicho anajua amepoteza maziwa.

Waliokufa kwenye sufuria ya pili ni bakteria wa asidi ya laktiki, yaani wagandishaji wenyewe. Waliobaki ni wengine, waliokuja na vumbi la zizi, majani na samadi, wakapita motoni wakiwa wamejifungia ndani ya spora. Kwa muda mrefu vitabu viliishika tofauti hiyo kama sheria: mgandishaji hana spora, na mwenye spora si mgandishaji. Makala haya yanamhusu kiumbe aliyeivuruga sheria hiyo. Anatengeneza asidi ileile ya kibuyuni, na bado anatoka hai kwenye maji yanayotokota. Wanasayansi walimpata zaidi ya miaka 100 iliyopita, wakampa jina, wakampa jina jingine, wakamhamisha ukoo, na mpaka mwaka 2023 walikuwa bado wanamhamisha.

Tuanze na moto, kwa sababu milimani moto una masharti yake. Maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi pale Tanga, ufukweni. Ukipanda, hewa inapungua uzito, na kwa kila takriban mita 300 kiwango cha kuchemka hushuka kwa nyuzi moja. Kwenye kimo cha mita 1,500, ambacho ni cha kawaida kwa vijiji vya Upare ya juu, sufuria hutokota ikiwa na nyuzi 95 hivi. Juu ya kilele cha Shengena, mita 2,462, zingekuwa kama 92. Kila aliyewahi kuchemsha makande ya mahindi makavu huku juu anajua kuni zinavyokwenda.

Kwa usalama wa maziwa, upungufu huo si tatizo. Vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe na vya brusela hufa kwa nyuzi 72 ndani ya sekunde 15, au kwa nyuzi 63 ndani ya nusu saa. Mama anayechemsha maziwa hapa amewamaliza zamani. Spora peke yake ndiyo haijali kama ni 95 au ni 100.

Wazungu walichelewa kuona kwamba uchachu una mwenyewe. Carl Wilhelm Scheele, mfamasia wa Sweden, aliitoa asidi kwenye maziwa yaliyochacha mwaka 1780, ila kwake ilikuwa kemikali tu. Louis Pasteur, akiwa Lille kaskazini mwa Ufaransa, ndiye aliyetangaza mwaka 1857 kwamba asidi hiyo ni kazi ya viumbe hai wadogo mno. Joseph Lister, daktari yuleyule aliyefundisha madaktari wa upasuaji kuua vijidudu, alimtenga mmoja wao peke yake mnamo 1878 kwa kuyazimua maziwa mpaka tone likabaki na bakteria mmoja. Bakteria wote waliochunguzwa walikuwa dhaifu mbele ya joto. Ukiwachemsha wamekwisha.

Habari ya spora ilikuja kwa njia nyingine, na kwa mfugaji ni habari ya msiba. Mwaka 1876 Robert Koch, daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wöllstein, alionyesha jinsi bakteria wa kimeta anavyotengeneza spora na jinsi spora hizo zinavyoweza kukaa kimya kisha zikaua tena. Ferdinand Cohn wa Breslau, mwaka uleule, aliwaeleza ndugu zake wanaoishi kwenye majani makavu. Mwaka uliofuata John Tyndall wa London aliteswa na majani hayohayo: marobota ya nyasi kavu yaliyoingizwa kwenye jengo lake la utafiti yaliharibu kila chupa aliyoichemsha, akalazimika kuhamishia majaribio yake Kew. Ndiye aliyebuni dawa ya kuwashinda: chemsha leo, ngoja spora ziamke, chemsha kesho, na keshokutwa tena.

Mafunzo ya Koch yako hai mpaka leo katika onyo la mabwana mifugo wa kanda ya kaskazini, kwamba ng'ombe anayeshukiwa kufa kwa kimeta asipasuliwe. Ndani ya mzoga uliofungwa bakteria hana hewa ya kutosha kutengenezea spora. Kisu kikimfungua, hewa inaingia, damu inamwagika, na udongo wa boma unapata mgeni atakayekaa miaka mingi kuliko umri wa ndama wote waliopo.

Spora hutengenezwaje? Hapa inafaa kwenda polepole, maana ni moja ya kazi za ajabu kabisa anazofanya kiumbe asiye na hata mdomo.

Njaa ndiyo inayoanzisha. Chakula kikipungua, bakteria hunakili vinasaba vyake na kujigawa, lakini safari hii hajigawi katikati kama alivyozoea. Ukuta hujengwa karibu na ncha moja, na kutokea chumba kikubwa na chumba kidogo, kila kimoja na nakala yake ya vinasaba. Kile kikubwa huanza kukizunguka kile kidogo mpaka kikimeze chote. Kuanzia hapo wataalamu hukiita seli mama, na kazi yake yote iliyobaki ni kumvika aliye ndani. Huweka tabaka nene la kwanza, kisha maganda ya protini, ganda juu ya ganda. Maji husukumwa nje ya kiini, na mahali pake huja kalsiamu iliyoshikana na asidi ya dipikoliniki, kemikali ambayo karibu haionekani popote pengine katika maumbile. Protini ndogo hujibandika kwenye vinasaba zivikinge visikatike. Kwa Bacillus subtilis, ambaye ndiye aliyechunguzwa kuliko wote, shughuli huchukua kama saa 8. Ikiisha, seli mama hupasuka na kufa, spora ikabaki.

Spora haili, haikui, haizai. Joto la kuchemka, ukavu, asidi ya tumboni, dawa nyingi za kusafishia sakafu, vyote huipita. Kuiua kwa hakika kunataka mvuke wenye shinikizo, nyuzi 121 kwa dakika 15, kama unavyofanyika kwenye mitungi ya hospitali inayotakasia vyombo vya upasuaji. Lakini ikirudi kwenye maji na chakula, na ikaguswa na virutubisho inavyovitambua, huanza kuamka ndani ya dakika chache, kiini kikanywa maji na uhai ukaendelea pale ulipoachwa.

Sasa twende Iowa, katikati ya Marekani, jimbo la mahindi na ng'ombe. Mwaka 1915 B. W. Hammer, mtaalamu wa maziwa katika kituo cha utafiti wa kilimo cha jimbo hilo, alichapisha taarifa kuhusu kiwanda kilichopata hasara ya aina yake. Kiwanda kilitengeneza maziwa ya kopo yasiyotiwa sukari, yale yanayopunguzwa maji kisha yakapikwa yakiwa ndani ya kopo lililozibwa, kwa joto la zaidi ya nyuzi 110. Kwa kawaida hakuna kinachobaki. Lakini makopo yaligeuka mgando. Hayakuwa yameoza. Yalikuwa yameganda na kuchacha, kama mtindi.

Ubaya wa jambo lenyewe ulikuwa kwenye umbo la kopo. Uharibifu mwingi wa vyakula vya makopo huleta gesi, kopo likavimba, na muuza duka akalitupa kabla halijamfikia mteja. Bakteria huyu hatoi gesi. Sukari inayoingia kwake hutoka karibu yote kama asidi ya laktiki, basi. Kopo linabaki tambarare, zuri la kutazama, mpaka lifunguliwe. Hammer alimtenga, akamlea kwenye joto la kupindukia ambalo yeye alilifurahia, maana huyu hustawi vizuri kwenye nyuzi 50 hivi, joto la kuunguza mkono, na akamwita Bacillus coagulans, kwa maana ya mgandishaji.

Kwa watu wa viwanda alikuwa adui, na aliendelea kuwa adui. Mwaka 1933 mtafiti mwingine wa Kimarekani, Berry, alimkuta akichachusha juisi ya nyanya ya makopo na kudhani ni kiumbe kipya. Akampa jina jingine. Ilichukua mpaka 1950 kwa Becker na Pederson kuonyesha kwamba mharibifu wa nyanya na mharibifu wa maziwa ni mmoja. Nyanya ilisaidia kueleza mengi. Wengi wa wenye spora huogopa uchachu, na kwa sababu hiyo vyakula vichachu hupikwa kwa joto la chini wakati wa kufunga kopo. Huyu haogopi. Anaishi ndani ya asidi anayoitengeneza mwenyewe.

Warusi nao walimpata, kwa macho tofauti kabisa. Mapema miaka ya 1930, Horowitz-Wlassowa na Nowotelnow walichapisha habari za bakteria wa asidi ya laktiki mwenye spora na kumwita Lactobacillus sporogenes. Kwao hakuwa mharibifu. Alikuwa ndugu wa bakteria wa mtindi, tena ndugu mwenye kipawa ambacho wengine hawana. Kitabu cha Bergey, ambacho ndicho daftari kuu la majina ya bakteria duniani, kililiandika jina hilo katika toleo lake la tano la mwaka 1939. Toleo la saba, la 1957, likalifuta: kiumbe yule, kikasema, ana spora na ana tabia za Bacillus, basi ni Bacillus coagulans wa Hammer, wala hakuna Lactobacillus anayetengeneza spora.

Kiutaratibu jambo liliishia hapo. Madukani halikuisha, na tutarudi huko.

Wajapani waliongeza mkanganyiko, na kwa maoni yangu ndio waliouongeza kwa uzuri zaidi. Mwaka 1963 Kakuo Kitahara na Jiro Suzuki walitangaza bakteria waliyemtoa kwenye chakula cha kuku. Kwa kila kipimo alikuwa mgandishaji wa kawaida: hana kimeng'enya cha kuvunja peroksidi ya hidrojeni, hatoi gesi, anatoa asidi ya laktiki tupu. Kisha wakaziona spora. Wakamtengea kundi lake, Sporolactobacillus, na jina la pili, inulinus, kwa sababu anakula inulini, aina ya wanga wa mizizi na mashina ambao wengi hawauwezi. Hata asidi yake ina upande wake. Asidi ya laktiki ina maumbo mawili yanayofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto. Bacillus coagulans hutoa lile ambalo misuli yetu hulitengeneza tunapopanda mlima, Sporolactobacillus hutoa la upande wa pili.

Kwa hiyo wapo wawili angalau, kutoka koo mbili, wenye kazi ya mtindi na silaha ya kimeta. Swali lililobaki lilikuwa la upande mwingine: hao wa kibuyuni walikosaje spora?

Jibu lilikuja mwaka 2006, pale Kira Makarova, Eugene Koonin na kundi kubwa la wenzao waliposoma na kulinganisha vinasaba vya bakteria wa asidi ya laktiki. Mzee wa ukoo wao, walikadiria, alikuwa na jeni kama 2,100 hadi 2,200. Wakati kundi hili linajitenga na ndugu zake lilipoteza kati ya 600 na 1,200, na miongoni mwa zilizopotea ni zile za kutengenezea spora. Hawakunyimwa. Walikuwa nazo wakaziacha. Waliingia mahali penye sukari na protini tele, kwenye maziwa, kwenye matunda, kwenye matumbo ya wanyama, na huko mashine nzima ya kutengeneza spora ikawa mzigo. Anayeishi jikoni hana sababu ya kujaza dari mahindi.

Jikoni lenyewe, kwa wagandishaji wa Afrika Mashariki, ni kibuyu. Tambarare zinazozunguka milima ya Upare ni nchi ya wafugaji, na Wamasai wana namna yao ya kukitunza: kijiti cha oloirien, mzeituni wa porini, huchomwa mpaka ncha iwe kaa, kikasuguliwa ndani ya kibuyu, majivu yakafutwa. Wakalenjin wa Kenya hufanya hivyo kwa mti mwingine ili kupata mursik. Moshi na mkaa hupunguza wasiotakiwa na kuacha harufu. Lakini kibuyu hakitakaswi kama mtungi wa hospitali, na ni vizuri hivyo. Kwenye vinyweleo vya ukuta wake hubaki wagandishaji wa jana, na maziwa mapya yakimwagwa wanaanza kazi.

Wajapani wengine watatu, Isono, Shingu na Shimizu, walikuja kuwatazama bakteria hao katika maziwa ya Wamasai wa kaskazini mwa Tanzania na kuchapisha waliyoyaona mwaka 1994. Miaka 10 baadaye, kwa upande wa Kenya, Julius Mathara na wenzake waliyachunguza maziwa mgando ya Wamasai yaitwayo kule naoto, na kumkuta Lactobacillus plantarum akiongoza kati ya jamaa zake. Wote ni wa ukoo usio na spora. Ukikiacha kibuyu kikauke kabisa juani mwezi mzima, utakwenda kuomba mtindi kwa jirani. Kwa kweli uhai wa bakteria hao haujapita kwenye ganda la protini. Umepita mikononi mwa wanawake, kijiko kwa kijiko, tangu mifugo ilipofika nchi hizi. Sioni kwa nini tuite hiyo teknolojia duni na kile cha kwenye kidonge kiitwe cha kisasa.

Kwenye nafaka mambo ni yaleyale. Togwa, ule uji wa mahindi, mtama au ulezi unaotiwa kimea na kuachwa uchache, ulichambuliwa kwa kina na Jovin Mugula wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, pamoja na wenzake kutoka chuo hicho na Norway, na matokeo yalichapishwa mwaka 2003: Lactobacillus plantarum tena, jamaa zake kadhaa, na hamira za aina mbalimbali. Kabla yao Wilbald Lorri wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na Ulf Svanberg wa Sweden walikuwa wameonyesha, mwaka 1994, kwamba watoto wadogo wa vijijini waliolishwa uji uliochachushwa waliugua kuhara mara chache kuliko waliolishwa uji wa kawaida. Asidi yenyewe ndiyo mlinzi: uji mchachu haukaliki kwa vijidudu vingi vya kuhara, hata ukikaa kwenye kibakuli mpaka jioni mama anaporudi shamba.

Upare Kusini ina kisa chake kuhusu vyakula vya kuchachusha, ingawa kisa chenyewe kinapitia Marekani. Mwaka 1903 wamisionari wawili waliotoka Ujerumani, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walifika na kufungua kituo Giti, na huo ndio ukawa mwanzo wa Kanisa la Waadventista Wasabato nchini. Kanisa lilikataa pombe, na dengelua, ile pombe ya miwa, ikapoteza wanywaji katika kila nyumba iliyobatizwa. Miaka hiyohiyo, huko Battle Creek, Michigan, daktari mashuhuri kuliko wote wa kanisa hilohilo, John Harvey Kellogg, alikuwa akiendesha hospitali ya mapumziko. Alikuja kuwa mhubiri mkubwa wa maziwa mgando, akiyapeleka kwa wagonjwa kwa mdomo na kwa njia nyingine ambayo gazeti la familia halina haja ya kuieleza. Aliyemtia hamasa ni Ilya Metchnikoff wa Paris, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1908, aliyeamini kwamba wakulima wa Bulgaria huishi miaka mingi kwa sababu ya mtindi wao. Kellogg alifukuzwa kanisani mwaka 1907 kwa ugomvi mwingine kabisa.

Metchnikoff ndiye aliyezaa biashara ya bakteria wa kumeza, ambayo leo huitwa probiotiki. Na biashara hiyo ikagonga mwamba uleule wa sufuria ya pili: bakteria wa mtindi hufa. Hufa kiwandani wakikaushwa, hufa kwenye lori lenye joto, hufa rafuni, na wanaobaki hukutana na asidi ya tumbo. Afrika Mashariki imejaribu kulikwepa tatizo hilo kwa njia za kwake. Mwanza, kuanzia 2004, akina mama wa kikundi cha Tukwamuane walianza kutengeneza mtindi wenye bakteria maalumu kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Western Ontario cha Kanada na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Mbegu yake ililetwa kutoka maabara na kuhitaji ubaridi. Uganda, Wilbert Sybesma na Remco Kort waliusambaza mradi wao wa Yoba kwa vipakiti vya unga mkavu, ili mzalishaji mdogo agandishe lita nyingi kwa gramu moja.

Mwenye spora hahitaji hayo yote. Hahitaji friji wala haraka. Kiwanda kinaweza kumtia kwenye biskuti na kumpika, kwenye majani ya chai na kuyachemsha, kwenye kidonge kinachosafiri kwa meli kupita Bahari ya Hindi. Hivyo adui wa Hammer akawa mali. Japani na India ndizo zilizotangulia kumfanya dawa, na huko India makampuni yamezoea kumchanganya na antibaotiki ndani ya kapsuli moja, kwa hoja kwamba dawa inaua bakteria wema wa tumboni na spora zinafidia. Marekani, mamlaka ya chakula na dawa haikupinga hoja ya kampuni moja, mwaka 2012, kwamba aina yake ya Bacillus coagulans ni salama kutiwa kwenye vyakula.

Hoja ya kapsuli mchanganyiko inaniacha na mashaka. Spora haidhuriki na antibaotiki, hilo ni kweli. Lakini spora iliyolala haifanyi kazi. Lazima iamke, na ikishaamka ni bakteria kama wengine, nayo dawa itamkuta. Hata bila dawa hahamii tumboni. Huamka kwenye utumbo mwembamba, hufanya kazi yake akiwa njiani, na siku chache baada ya mtu kuacha kumeza hupotea kwenye choo. Majaribio yaliyofanyika yameonyesha nafuu kwa baadhi ya watu wenye matumbo yanayojaa gesi na kusokota, na nafuu hiyo ni ya aina ndogo fulani iliyopimwa, siyo ya kila kitu kinachoitwa coagulans. Mgonjwa aliye na kinga dhaifu amuulize daktari kwanza. Na mtu wa Mhezi aliye na ng'ombe na kibuyu hana upungufu wa asidi ya laktiki.

Kama kuna faida kubwa ya viumbe hawa kwa wilaya ya Same, mimi ningeitafuta kwenye mkonge kabla sijaitafuta kwenye vidonge. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai kutoka Florida, ikapandwa karibu na Pangani. Leo ukishuka kutoka milimani kuelekea Makanya unakutana na mashamba yake yakinyoosha mistari mpaka kwenye barabara kuu ya Moshi. Katika kila jani, uzi ni chini ya sehemu 5 kati ya 100. Kinachobaki ni maji na tope la kijani lenye sukari, na kwenye bole la mmea, baada ya majani kuisha, kuna akiba ya sukari za jamii ya inulini, chakula kilekile kilichompa Sporolactobacillus jina lake.

Asidi ya laktiki ikiunganishwa kwenye minyororo mirefu huwa plastiki inayooza ardhini, na pia huwa nyuzi za kushonea vidonda ambazo mwili huziyeyusha wenyewe. China inamtumia Sporolactobacillus inulinus kutengeneza ile asidi ya upande wa pili. Bacillus coagulans naye anapendwa na wahandisi kwa sababu ya tabia yake ya kupenda nyuzi 50 na zaidi: kwenye tangi la joto hilo wavamizi wengi hawamudu kuishi, na kiwanda kinaokoa gharama ya kutakasa kila kitu. Tanzania tayari imeonyesha kwamba tope la mkonge linaweza kuliwa na bakteria kwa faida. Mtambo wa Hale mkoani Tanga, uliozinduliwa mwaka 2008, ulikuwa wa kwanza duniani kutoa umeme wa biogesi kutokana na mabaki ya mkonge, na kabla gesi haijatoka tope hilo lazima lipite kwanza kwenye hatua ya kuwa asidi. Anayetaka asidi na siyo gesi angesimama hapo.

Imebaki habari ya majina. Mwaka 2020, kundi la Radhey Gupta wa Kanada lilipochambua vinasaba vya ukoo mzima wa Bacillus, lilimtoa mgandishaji wa Hammer na kumpa jenasi mpya, Weizmannia, kwa heshima ya Chaim Weizmann, mkemia wa uchachushaji aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Israeli. Wasomaji wa historia ya Afrika Mashariki wanamkumbuka kwa jambo lingine: mwaka 1903, ule wa Giti, Waingereza walipendekeza kuwapa Wazayuni ardhi ambayo leo ni Uasin Gishu, Kenya, na Weizmann alikuwa miongoni mwa waliolipinga pendekezo hilo. Heshima ya kwenye bakteria haikudumu. Mwaka 2023 watafiti wengine walionyesha kwamba jenasi iitwayo Heyndrickxia, ya jina la Mbelgiji Marc Heyndrickx, ilistahili kumpokea, na sasa vitabuni ni Heyndrickxia coagulans. Kwenye maboksi ya dawa wengi bado wanaandika Bacillus coagulans. Wengine wanaandika Lactobacillus sporogenes, jina lililofutwa mwaka 1957, kwa sababu neno la kwanza linamkumbusha mnunuzi maziwa.